Bei ya Siku ya Kulipa

Mwezi uliopita nilikuwa Kitale kufuatilia hati ya shamba ambayo kila ofisi inasema iko kwenye ofisi nyingine. Nilipochoka kuzungushwa nikaingia hotelini kunywa chai. Mzee mmoja aliyevaa sweta nene, na jua linawaka, aliinua kichwa kutoka meza ya pembeni akaita, "Nafula wa bei!" Kwa muda nilidhani anaita mtu mwingine, maana jina hilo niliitwa mwaka mmoja tu maishani mwangu, nilipokuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa Daktari Khisa. Si daktari wa sindano. Ni daktari wa uchumi, aliyeniajiri mwaka wa 2008 nimkusanyie bei za vitu Kitale na Bungoma. Amezeeka vizuri, ila mikono inamtetemeka kidogo anaposhika kikombe. Kabla hajauliza habari za afya wala za nyumbani, alivuta kiti akasema, "Na yule kijana wa kule Kwanza? Mlioana, au ng'ombe waliwashinda?" Aliondoka Kitale Novemba ya mwaka ule, mambo yakiwa bado yananing'inia, kwa hiyo hakuwahi kujua. Nilicheka badala ya kumjibu. Sikuwa namficha kitu. Ni kwamba mwaka ule nikiushika upande mmoja, upande wa pili unaniponyoka, na hadi leo sina hakika kama niliuelewa.

Mwaka wenyewe ulianza vibaya, na vurugu za baada ya uchaguzi, kila Mkenya anajua, na hayo nawaachia wenye moyo wa kuyasimulia. Ninachokumbuka mimi ni kwamba barabara zilipofunguliwa, vitu vilirudi madukani na bei ambazo hata wenye duka walizitamka kwa aibu. Daktari alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la mbegu. Kilikuwa na harufu ya dawa ya kuhifadhi mahindi, meza moja, na jiko la mafuta la kuchemshia chai. Ukutani alibandika karatasi kubwa iliyojaa vidoti vya kalamu, na kila kidoti kilikuwa nchi. Nchi ikiwa upande wa kulia, ujue bei zake hupanda kwa kasi. Ikiwa juu, ujue kupanda kwenyewe kunayumba: mwaka huu mbio, mwaka ujao taratibu, wa tatu mbio tena. Vidoti vingi vilijipanga kama siafu wanaokwea kilima, kutoka pembe ya chini kushoto hadi ya juu kulia. "Unaona, Nafula," aliniambia siku ya kwanza, "mfumuko wa bei ukiwa mdogo, hutulia. Ukiwa mkubwa, hutapatapa. Nchi nyingi ziko hivyo." Nikamuuliza kipi huanza, ukubwa au kutapatapa. Akafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. "Hapo ndipo sisi wasomi tunapogombana. Wako wanaosema bei zikipanda sana serikali hubabaika, leo inakaza, kesho inalegeza, ndipo zinayumba. Na wako wanaosema kuyumba ndiko kunaanza, kwamba watu wakishikwa na hofu hupandisha bei kabla wenzao hawajawapandishia." Nikamuuliza, "Na wewe unasema nini?" Akasema, "Mimi nasema uende Bungoma uniletee bei ya sukari."

Kulikuwa na kidoti kimoja kilichonikera. Kilikaa mbali sana kulia lakini chini, peke yake, mbali na wenzake. Daktari alisema hiyo ni nchi ambayo bei hupanda sana kila mwaka, ila kwa kiasi kile kile, na watu wake wameizoea kama sisi tulivyozoea mvua ya saa nane mchana: unalalamika, lakini unatoka na mwavuli. Sikumwelewa. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba bei kubwa ni mbaya na bei ndogo ni nzuri, basi, habari imekwisha. Sasa naambiwa kuna ubaya wa aina mbili, ubaya wa kupanda na ubaya wa kutojua kutapanda kiasi gani, na kwamba mara nyingi hutembea pamoja mpaka huwezi kusema ni upi uliokuumiza. Nilipanda gari kurudi Bungoma kichwa kikiniuma.

Nilikuwa nikikaa Kanduyi, hapo Bungoma, kwa Shangazi Tabitha, dada ya baba, ambaye alikuwa mjane na mpishi wa shule. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na jikoni tulipika sisi wawili tukigongana viwiko. Machi ile tulikuwa tukila mboga ya mrenda na ugali uliokuwa ukipungua kwenye sahani bila mtu kusema neno. Shangazi alijua habari za Wekesa kabla sijamwambia. Wekesa alikuwa fundi wa pampu za maji, na alilima mahindi pamoja na baba yake, Mzee Masika, huko Kwanza, nje ya Kitale. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliweza kukueleza saa nzima kwa nini anataka kupanda maparachichi pahali ambapo baba yake haoni kitu isipokuwa mahindi, halafu akasimama ghafla na kukuuliza wewe unaona nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninaona nini. Nilimpenda kwa hilo, na nilitaka kuolewa naye mwaka ule ule. Nilitamani jambo hilo kuliko nilivyotamani kitu chochote, na sioni haya kulisema.

Kikao cha mahari kilifanyika mwezi huo huo Myanga, nyumbani kwa Baba Mdogo Barasa, aliyesimama mahali pa baba yangu. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, kama inavyotakiwa, kuku wanachemka, na mazungumzo ya sebuleni yanapita juu ya ukuta usiofika darini. Tulisikia kila kitu. Walihesabu ng'ombe kwa vijiti, kijiti kimoja ng'ombe mmoja, na hapo hawakubishana sana. Ilieleweka kwamba ng'ombe wachache wangekuja kwa miguu yao na waliobaki wangekuja kama shilingi, baada ya mavuno. Ugomvi ulianza kwenye bei ya kila kijiti. Mzee Masika alitaja bei ya wakati ule. Baba Mdogo akakohoa kikohozi chake cha kukataa.

"Wageni wetu, hatuna ubaya," tulimsikia akisema. "Rakini mtakuja kuripa mwisho wa mwaka. Hiyo pesa, mwisho wa mwaka, itanunua ng'ombe ama itanunua mbuzi?"

"Bei ni bei, bana," Mzee Masika akajibu. "Tukikubaliana leo, tumekubaliana. Mimi fertilizer imenishinda, nimepanda nusu shamba. Nikiambiwa kesho ni bei ingine, si nitauza mpaka mabati?"

Kisha Baba Mdogo akapata wazo, na nikisema wazo ujue ni lile ambalo lingeingia kichwani mwake tu. "Si msichana mwenyewe ndiye anaandikanga bei? Muite atuambie ng'ombe itafika wapi."

Wanawake wote jikoni wakanigeukia. Haijawahi kusikika bibi harusi kuitwa kwenye kikao aeleze bei ya ng'ombe wake mwenyewe. Shangazi alinifuta masizi shavuni kwa kanga yake akanisukuma mlangoni. Nikasimama mbele ya wazee nikinuka moshi, Wekesa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Baba Mdogo akauliza, "Nafula, wewe umesoma. Desemba ng'ombe itakuwa bei gani hapa Myanga?" Nilijibu kama nilivyofundishwa. Nilisema sijui, na Daktari mwenyewe hajui. Nilisema bei zikishaanza kupanda sana huwa pia zinaruka huku na huku, kwa hiyo zinaweza kuwa juu mno, na zinaweza kurudi chini kidogo, na kwamba nchi nyingi ndivyo zilivyo. Nadhani hata nilitaja vidoti. Mzee Masika aliniangalia kama mtu aliyeuziwa redio isiyoshika stesheni. Lakini Baba Mdogo alipiga goti lake kwa kiganja. "Basi dawa iko! Hatutafunga bei. Kila kijiti kitahesabiwa kwa bei ya soko la Myanga, bei ya siku ya kuripa, hata kama ni kabla ya mavuno. Hakuna mtu ataibia mwingine."

Nilirudi jikoni nikiwa na furaha. Nilifikiri ni jambo la akili sana. Hata Mzee Masika aliafiki, akapewa firigisi kwenye sahani yake peke yake, kama mgeni wa heshima anavyostahili, akaila yote. Kila mtu alikuwa amelindwa. Ilinichukua miezi kuona kwamba, kwa sababu kila mtu alikuwa amelindwa, hakuna mtu aliyekuwa na haraka.

Soko la Myanga lilikuwa mojawapo ya masoko yangu, na ng'ombe alikuwa mojawapo ya vitu nilivyomwandikia Daktari. Kwa hiyo simu zilikuja kwangu. Baba Mdogo alipiga. Mzee Masika alipiga, akianza na salamu ndefu za kanisani kabla ya kufika alipotaka. Bei ilipopanda, Mzee Masika alishikwa na homa, au mkwe wake mwingine amefiwa, na safari ya kuja Myanga ikaahirishwa. Iliposhuka, Mzee alipona mara moja, akatuma ujumbe kwamba wako tayari hata kesho. Na hapo ndipo Baba Mdogo alipokumbuka ana mkutano wa ushirika, au mgongo umemkaza. Nilipomuuliza Baba Mdogo kwa nini hataki kupokea wageni, aliniambia bila hata kupepesa jicho, "Mama, hii kitu imeshuka, itapanda. Si tungoje kidogo?" Na huko Kwanza, baba mkwe wangu mtarajiwa alikuwa akisema hayo hayo kwa kinyume chake. Wote wawili walikuwa watu wema, wazee wa kanisa, na kila mmoja alikuwa na sababu. Mahindi yalikuwa yamegeuka dhahabu, lakini Mzee Masika aliuza yake mapema, kabla hayajapanda, kwa sababu alihitaji mbolea. Na ile mbolea akainunua ikiwa imeshapanda. Alikuwa ameumwa pande zote mbili. Nani angemlaumu kwa kuogopa siku ya kununua?

Nilimsimulia Daktari haya mwezi wa Juni, nikitegemea anionee huruma. Tulikuwa tukila githeri, mahindi na maharage, kwenye zile bakuli zake za bati. Aliweka kijiko chini. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akainuka, akatembea mpaka kwenye karatasi yake ya vidoti, akarudi, macho yanamng'aa. "Unaona sasa? Kila mmoja akitumaini bei itasogea upande wake, kungoja kunakuwa bora kuliko kukubaliana. Kwa hiyo hawakai chini! Nchi nzima inaweza kushikwa hivyo, Nafula. Mtu hajengi, haajiri, hakopeshi. Anangoja. Huu ndio mfano nilioukosa!" Akacheka kwa furaha ya kweli. Mimi nikaanza kulia, hapo hapo, na githeri mdomoni. Maskini hakujua afanye nini. Alifunga mlango, akaufungua tena, akanichemshia chai akaitia sukari nyingi mno, wakati ambapo sukari haikuwa kitu cha kuchezea. "Pole," alisema. "Nilisahau kwamba ni wewe." Sijawahi kuelewa mtu anawezaje kusahau hivyo, lakini namwamini. Alikuwa ameona nchi zote za dunia kwa mara moja, na katika kuziona zote hakuniona mimi niliyekaa mbele yake.

Lakini wazee ningewavumilia. Aliyenichanganya ni Wekesa. Mwanzoni alipiga simu jioni na tukaongea mambo yetu, yale ya maparachichi na ya watu aliowatengenezea pampu. Polepole simu zikafupika. Kufikia Julai alikuwa akianza na, "Sasa, Nafula. Myanga imefika wapi?" Nikimwambia, anavuta pumzi, kisha ananiaga. Siku moja tulikutana Kitale, kwenye hoteli ile ile nilikokutana na Daktari mwezi uliopita, ambayo sasa imepakwa rangi nyingine. Aliagiza chai mbili na mandazi mawili, na mandazi yalikuwa yamepungua ukubwa hivi kwamba tuliyaangalia na kucheka, na kwa dakika moja nilidhani Wekesa wa zamani amerudi.

"Wekesa, wewe unangoja nini?" nikamuuliza. "Baba yako najua. Wewe je?"

Alizungusha kikombe. "Ikishuka kidogo tu, Nafula. Kidogo tu. Mzee amechoka, siwezi mwongezea mzigo."

"Na isiposhuka?"

"Itashuka. Si wewe mwenyewe ulisema inarukaruka?"

Ni kweli nilisema. Nilimwangalia akila andazi lake na nikashindwa kujua kama aliyekaa mbele yangu ni mwana mwema anayemhurumia baba yake, au ni mwanamume anayesubiri nipungue bei. Labda alikuwa wote wawili. Jioni hiyo nilimweleza Shangazi, akiwa anachambua kunde, naye akaniambia, "Wanaume wote hungoja kitu, mama. Ati huyu wako anangoja soko." Alitaka nicheke. Nililala na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Nimefikiria sana juu ya mwaka ule kwa miaka hii yote, hasa bei zinapoanza tena kuchezacheza na watu wanaanza kusema "tungoje kidogo". Wakati mwingine naona kosa lilikuwa kupanda kwa bei: kama ng'ombe wangebaki bei ya Machi, tungeoana mwaka ule ule. Halafu nakumbuka kile kidoti cha peke yake, nasema hapana, kama bei ingepanda vilevile kila mwezi, hata kwa kiasi kikubwa, Mzee Masika angekimbia kulipa mapema na Baba Mdogo angejua hivyo na kumpokea. Kutojua ndiko kulikotukwamisha. Halafu nasema lakini kutojua kulitoka wapi, kama si katika kule kupanda? Hapo nazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Daktari aliondoka Novemba akiwa na makaratasi yake yote na bila jibu, naye alikuwa amesomea mambo hayo. Mimi nilibaki na jambo dogo zaidi ambalo pia sikuwa na jibu lake, yaani kama bado nina mchumba.

Kisha, mnamo Desemba, soko la Myanga likatulia. Siku moja ya soko ikaja, na nyingine, na nyingine, na ng'ombe yuko pale pale. Nilimpigia Baba Mdogo na sauti yake ikawa ya mtu aliyeamshwa. Nilimpigia Mzee Masika, akauliza mara mbili kama nina hakika. Hakuna aliyekuwa tena na cha kungojea. Wakakutana Jumamosi ile ile, na ninavyokuambia, kuku hawajaiva jikoni, wazee walikuwa wameshamaliza. Vijiti vilihesabiwa, bei ikatajwa, mikono ikapeanwa. Tulisikia vicheko. Baba Mdogo alikuwa akisema, "Mbona tulisumbuana bure?"

Ikabaki jambo moja. Kwetu, kabla ya kula mali ya wageni, msichana huletwa sebuleni, naye shangazi yake humuuliza mbele ya watu wote kama anawajua wageni hawa na kama wenyeji wanaweza kula kitu chao. Jibu linajulikana. Msichana huinamisha macho, husema ndiyo, na vigelegele huanza. Shangazi Tabitha alinishika mkono tukaingia. Safari hii nilikuwa nimevaa vizuri.

"Nafula," akaniuliza kwa sauti ya kanisani, "hawa watu unawajua? Tukule kitu yao?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Nilimtazama Wekesa. Alikuwa na ndevu ambazo sikuwa nimeziona, na koti la kuazima. Nikajaribu kukumbuka jambo la mwisho tuliloongea ambalo halikuwa ng'ombe. Nilijaribu kweli. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Siwajui."

Shangazi alicheka, akidhani ni haya. "Sema vizuri wazee wasikie."

"Siwajui, Shangazi. Mzee namjua kwa simu, ananiulizanga bei. Na huyu nilimjua Machi. Tangu hapo amekuwa mtu mwingine, simjui."

"Nafula!" Baba Mdogo alikuwa amesimama. "Usituharibie siku! Bei yenyewe imetulia!"

Mzee Masika alianza kutafuta kofia yake. Ndipo Wekesa akainuka, baba yake akimvuta koti, na akalivua lile koti akamwachia mkononi.

"Basi niseme mimi ni nani," akaniambia mimi, si wazee. "Naitwa Wekesa. Natoka Kwanza, natengeneza pampu. Mwaka huu wote niliogopa, na nikaficha hofu nyuma ya mzee wangu. Sitaki kula hapa leo. Naomba nirudi Jumapili, tuongee, na sitauliza bei ya kitu yoyote."

"Na hiyo Jumapili," Baba Mdogo akasema, "bei ikiwa imepanda?"

"Ipande," nikamjibu.

Nikanyoosha mkono juu ya meza, juu ya vile vijiti vyao, nikamsalimia Wekesa kama mtu anavyomsalimia mgeni, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Harusi ya kanisani ilikuja mwaka uliofuata, na ng'ombe pia. Lakini mimi nahesabu kwamba niliolewa pale, wazee wakiwa wamepigwa na butwaa, mkono wake umelowa jasho na wangu pia.